Bolt angeenda kuruka chini angevunja rekodi ya 8.95 au tunamkuza tu?

Mwana wa Keko

Wakuu salama? Nina swali linanisumbua muda sasa na kila nikiuliza watu wananijibu kishabiki tu. Rekodi ya dunia ya kuruka chini wanaume ni mita 8.95, aliiweka Mike Powell kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo Agosti 30, 1991. Siku tano kabla, mashindano hayohayo, Carl Lewis alikuwa ameweka rekodi ya mita 100 kwa sekunde 9.86. Sasa angalieni, hiyo ya mita 100 imeshushwa weee mpaka Bolt akaifikisha 9.58 Berlin 2009, siku hizi mtu akikimbia 9.86 watu wanapiga makofi kidogo wanaendelea na mambo yao, lakini ya kuruka ipo palepale zaidi ya miaka 30.

Akili yangu inaniambia kuruka chini ni spidi, unakuja mbio unakanyaga ubao unapaa, basi. Sasa kama binadamu wameongeza spidi kiasi hicho, kwa nini hawa wenye 9.7 na 9.6 wasifundishwe miezi michache wakaenda kuibeba hiyo rekodi? Bolt ana urefu wa mita 1.95, miguu mirefu vile, mimi naona angetua nje ya mchanga kabisa. Na hata huku kwetu Afrika Mashariki tuna Omanyala wa Kenya, 9.77 si mchezo. Jesse Owens alifanya yote mawili, Lewis alifanya yote mawili, hawa wa sasa wanashindwa nini? Naomba majibu yenye nyama, sio "kila mtu na kipaji chake".

kaka_mdogo88

Bolt mita 9 asubuhi kabla ya chai. Hakuna mjadala hapo.

Ticha wa Michezo

Kaka mdogo chai yako ina sukari nyingi hahaha.

Mkuu Mwana wa Keko swali lako zuri na nusu ya jibu unayo tayari, spidi ndiyo msingi, hakuna aliyewahi kuruka mita 8.80 akiwa mzito wa mbio, hayupo. Tatizo liko hapo uliposema "unakanyaga ubao unapaa". Hapo kwenye kukanyaga ndipo mchezo wote ulipo na nimefundisha watoto wa sekondari miaka mingi, nakwambia kila mwaka wanakuja vijana wanaoongoza mita 100 shuleni wanaingia kwenye mchanga wanapigwa na mtoto ambaye kwenye mbio anashika nafasi ya nne.

Iko hivi. Mrukaji mkubwa wa kiume anafika kwenye ubao akiwa na mwendo wa karibu mita 11 kwa sekunde. Mguu wake unagusa ubao kwa muda kama sehemu 12 za mia za sekunde hivi, umepepesa jicho umeisha. Ndani ya muda huo inabidi mwendo wote ule wa kwenda mbele upate na wa kwenda juu, bila kupoteza sana ule wa mbele. Shuleni tulifundishwa kitu ukikirusha kwa nyuzi 45 kinaenda mbali zaidi, sivyo? Lakini hakuna mrukaji anayepaa kwa nyuzi 45, wote wanapaa kwenye nyuzi 20 hivi, kwa sababu ili upate 45 itabidi ufike kwenye ubao taratibu kama unaenda dukani na hapo umbali umeshakufa. Kwa hiyo ni biashara ya kubadilishana, unatoa spidi kidogo unanunua urefu wa kupaa, na bingwa ni yule anayenunua kwa bei ndogo.

Sasa shida ya sprinta, yaani mkimbiaji wa mbio fupi. Kadiri unavyokuja kasi ndivyo mguu unavyopata muda mdogo zaidi wa kusukuma ardhi. Ukija na spidi ambayo mguu wako hauwezi kuihimili goti linakunja tu, unapita juu ya ubao kama vile haupo, unatua mita 7 na nusu unashangaa. Tena sprinta amefundishwa miaka yote mguu utue chini ya mwili na uondoke haraka, asikae ardhini. Mrukaji anafanya kinyume, hatua ya kabla ya mwisho anairefusha na kiuno kinashuka kidogo, halafu hatua ya mwisho anaifupisha na mguu anauweka mbele kidogo ya mwili, unyayo mzima, ndipo anapigwa juu. Mwambie sprinta ashushe kiuno akiwa kwenye spidi ya juu, atakuona mchawi, maana ndicho kitu alichokatazwa tangu siku ya kwanza. Hili halifundishiki kwa miezi michache mkuu. Unaweza kumwelewesha kwa siku moja akaelewa vizuri kabisa, ila mwili wake hautakubali, ukimwambia akimbie kwa nguvu zote unarudi kwenye mazoea.

Nusu Fainali

Naongezea hapo kwa Ticha maana hiyo fainali ya Tokyo 1991 nimeiangalia mara nyingi mno, ndiyo jibu lenyewe la hii mada.

Lewis aliingia pale akiwa hajafungwa kwenye kuruka chini kwa miaka kumi, mashindano 65 mfululizo, na ndio kwanza katoka kuwa binadamu mwenye kasi kuliko wote duniani. Powell muda wake bora wa mita 100 maishani ni 10.45, kwa hawa wakubwa huyo ni wa kuachwa mbali. Lewis siku ile akaruka 8.68, fauli (mruko usiohesabika, kama ukipitiliza ubao), 8.83, 8.91, 8.87, 8.84. Hakuna mtu kabla wala baada yake aliyewahi kuruka mfululizo wa namna ile. Ile 8.91 upepo ulikuwa umezidi ule wa mita 2 kwa sekunde unaoruhusiwa kwa hiyo haikuhesabika kwenye rekodi ingawa kwenye mashindano ilihesabika. Halafu Powell raundi ya tano, mruko mmoja tu, 8.95. Mwenye 10.45 kampiga mwenye 9.86.

Ila msikimbilie kusema basi spidi haina kazi. Waliopima siku ile walikuta Lewis na Powell walifika kwenye ubao na mwendo unaokaribiana sana, wote kwenye mita 11 kwa sekunde. Hapo ndipo watu wanachanganya, muda wa mita 100 na spidi ya kwenye ubao ni vitu viwili. Mita 100 ina kuanza kwenye bloku, ina kusikia mlio, ina kushikilia mwendo kule mwisho wengine wanapochoka. Mrukaji anakimbia mita 40 hadi 50 tu, anaanza anavyotaka mwenyewe, hakuna bastola. Bolt kilele chake Berlin kilikuwa kati ya mita 60 na 80, zaidi ya mita 12 kwa sekunde. Kule hakuna ubao mkuu, ubao umeshaupita zamani.

Mwana wa Keko

Nashukuru wakuu, nondo nzito. Lakini Nusu Fainali bado hujanijibu, hata kwenye mita 40 Bolt si alikuwa tayari na kasi kuliko hao kina Powell? Na mbona Owens na Lewis waliweza? Wao miili yao haikukataa?

Ticha wa Michezo

Kwenye mita 40 ni kweli alikuwa amewapita, hilo silipingi. Ila kumbuka Bolt kwenye mbio anaangalia mstari wa kumalizia, hahitaji mguu wake wa 20 utue kwenye kibao cha upana wa sentimita 20. Mrukaji anakuja na spidi kubwa lakini anayoweza kuiongoza, ndio maana hakuna hata mmoja anayekimbilia kwa asilimia mia ya uwezo wake.

Kuhusu Owens na Lewis, hao hawakuwa masprinta waliohamia kwenye mchanga. Owens alikuwa anaruka tangu akiwa mtoto wa shule Cleveland, na ile 8.13 yake ya Mei 1935 pale Ann Arbor ilidumu miaka 25 mpaka Ralph Boston alipoipita mwaka 1960. Lewis ndio kabisa, wazazi wake wote wawili walikuwa makocha wa riadha kule New Jersey, akaanza kujulikana kwa kuruka na mita 100 ikafuata. Ukimuuliza mtu wa riadha Lewis alikuwa nani kwanza atakwambia mrukaji, medali nne za dhahabu za Olimpiki mfululizo kwenye kuruka, 1984, 1988, 1992, 1996, hiyo ya mwisho akiwa na miaka 35 wakati kwenye mita 100 alishatoka kitambo. Barcelona 1992 hakupata hata nafasi ya kukimbia mita 100 kwenye timu ya Marekani lakini kwenye mchanga akachukua dhahabu kwa 8.67, Powell 8.64. Spidi ilishaanza kuondoka, mguu bado ulikuwa unajua kazi.

Mama Spaiki

Mnaongea wanaume tu kama kawaida yenu, na mfano mzuri kuliko yote uko kwa wanawake.

Mimi nimeruka UMISSETA, michezo ya sekondari, enzi zangu kwa hiyo nina uchungu na huu mchezo. Mchukueni Marion Jones, Sydney 2000. Mbio za mita 100 alikuwa hashikiki, akataka medali tano ikiwemo ya kuruka chini. Mara nyingi kule kwenye mchanga alikuwa anafanya vituko, anakuja kwa spidi ya kutisha halafu karibu na ubao hatua zinachanganyika, mara anapunguza, mara anapitiliza, fauli juu ya fauli. Akaishia wa tatu na 6.92. Aliyechukua dhahabu ni Heike Drechsler wa Ujerumani, miaka 35, 6.99, mama mtu mzima aliyejua ubao ulipo. Baadaye Jones alinyang'anywa medali zote kwa dawa, kwa hiyo hata hizo spidi zenyewe tuziweke pembeni, lakini kwa swali la mtoa mada ile ilikuwa kama maabara. Kasi ilikuwepo ya kumwaga, kilichokosekana ni hatua mbili za mwisho.

Sasa Drechsler mwenyewe msimchukulie kama bibi wa mwendo wa pole. Mwaka 1986 alifikia rekodi ya dunia ya mita 200, 21.71, na mwaka huohuo akawa na rekodi ya dunia ya kuruka, 7.45. Kwa hiyo wapo wanaoweza yote. Mwingine ni Tianna Bartoletta wa Marekani, huyu alikuwa bingwa wa dunia wa kuruka 2005 akiwa na miaka 19, halafu akaja kuwa wa nne mita 100 Olimpiki ya London 2012 na akafungua ile relei ya 40.82 iliyovunja rekodi ya dunia, halafu Rio 2016 akachukua dhahabu ya kuruka, 7.17. Mnaona mpangilio lakini? Mchanga kwanza, mbio baadaye. Na Blessing Okagbare wa Nigeria hivyohivyo, medali ya Beijing 2008 kwenye kuruka ndiyo iliyomtambulisha, kisha akaenda kukimbia 10.79, na Moscow 2013 akapata fedha ya kuruka na shaba ya mita 200 kwenye mashindano yaleyale. Naye aliishia kufungiwa kwa dawa mambo yakaharibika, tumwache.

Nitajieni sprinta mmoja mkubwa aliyeanza kuruka akiwa tayari bingwa wa mbio, akiwa na miaka 24 na kuendelea, akachukua dhahabu. Nasubiri.

kaka_mdogo88

Mama Spaiki umekuja na jembe kabisa 😂 nimekaa kimya.

Nusu Fainali

Mimi pia nasubiri, sidhani atapatikana.

Mama Spaiki umemsahau wa kwetu bana, Malaika Mihambo, yule Mjerumani ambaye baba yake ni wa Zanzibar. Fainali ya Olimpiki ya Tokyo 2020 ilikuwa tamu ile, raundi ya mwisho yuko wa tatu, Brittney Reese na Ese Brume wote wana 6.97, anakuja mruko wa mwisho anatoa 7.00 kamili, dhahabu. Sentimita tatu. Yule mbio anazo, lakini kilichompa medali pale ni kichwa kutulia wakati umebakiwa na nafasi moja na ukipiga fauli umejimaliza mwenyewe.

Wa Eldy

Niaje wadau. Mimi nimetoka hapa Eldoret na hii story ya Omanyala kuruka imenichekesha kiasi. Jameni yule jamaa alianza na raga, akaingia mbio akiwa mtu mzima, hiyo 9.77 ya Kasarani 2021 ameitoa jasho. Sasa umwambie aache, aanze kupiga ubao na mguu mmoja mara 40 kwa wiki? Kisigino kikilia au kifundo kikifura, msimu umeenda, na pesa ziko kwa mita 100, hapo ndio poster inabandikwa. Mrukaji hata akiwa bingwa wa Olimpiki wengi hapa hawamjui. Niambie nani alishinda Paris 2024 bila kugoogle. Ni Tentoglou wa Ugiriki, 8.48, na alishinda pia ile ya Tokyo, na huyo jamaa alianza na parkour, kuruka kuta mtaani, hakutoka kwa mbio.

Halafu hapo kuna jibu la rekodi kukaa. Watu wanne tu ndio wamewahi kuvuka 8.85 na upepo halali, Powell, Beamon, Lewis na Emmiyan wa Soviet. Wa mwisho kati yao ni 1991. Sio eti binadamu wameishiwa, ni vile yule kijana ambaye angekuwa Lewis mpya ako kwa NFL, ile ligi ya futiboli ya Marekani, ama anakimbia mia tu, nani anataka kugawanya mwili wake mara mbili? Na ratiba nazo, unakuta kwalifikesheni ya kuruka inagongana na raundi za mita 200.

Huku kwetu field events, michezo ya kuruka na kurusha, tumeziacha sana. Yego alijifunza kurusha mkuki kwa YouTube mpaka akawa bingwa wa dunia 2015 na 92.72, na bado mashule mingi hazina hata mkuki mmoja. Kwa hiyo mtu aseme tu ukweli, hata kama Omanyala angekuwa na kipaji cha kuruka, ingeonekana wapi?

Mwana wa Keko

Hapo kwenye hela nimekuelewa kuliko hizo nyuzi 20 za Ticha hahaha.

Ila bado sijasalimu amri. Kuna yule Jarrion Lawson, nimesoma kuwa 2016 alishinda mita 100, mita 200 na kuruka chini kwenye mashindano ya vyuo Marekani, kitu ambacho kabla yake alikifanya Jesse Owens. Si ndio huyo sasa, sprinta na mrukaji kizazi hikihiki? Aliishia wapi?

Ticha wa Michezo

Huyo umemtaja vizuri. Lawson ni mrukaji anayekimbia, mita 100 ana 10.03 na kuruka ana 8.58. Na kilichomtoa Rio mwaka huohuo kitakuuma. Mruko wake wa mwisho ulionekana kwa macho kabisa ni wa kugombea dhahabu, watu wamesimama, ubao wa matokeo ukatoa 7.78. Kumbe wakati anatua vidole vya mkono wake viligusa mchanga nyuma kabla miguu haijafika, na sheria inasema unapimwa kutoka kwenye alama iliyo karibu zaidi na ubao iliyoachwa na sehemu yoyote ya mwili. Vidole tu. Akawa wa nne. Kwa hiyo usisahau na kutua, kuna watu wanapoteza sentimita 20 hewani na kwenye makalio bila kujua.

Unanibana nikutajie namba ya Bolt, haya. Angeanza kuruka akiwa na miaka 12 hadi 15 kule Jamaica na kocha anayejua, ningemwekea 8.60 na kuendelea bila wasiwasi, na siku ya upepo mzuri lolote lingetokea. Angeanza baada ya Berlin, na ule mgongo wake wenye tatizo la kupinda na kilo zake 90 na ushee zikitua kwenye mguu mmoja, mimi ningempa mita 8 na kidogo. Mwenyewe alishawahi kusema angependa kujaribu, hakujaribu, na nadhani waliomzunguka walifanya la maana kumzuia.

kaka_mdogo88

8 na kidogo kwa Bolt??? Ticha unatafuta ugomvi. Mimi nabaki na 9.

Mama Spaiki

Mwacheni kaka mdogo na 9 yake, haimdhuru mtu.

Chura wa Ukonga

Samahani naingilia mada, nina mdogo wangu yuko form two, mita 100 anawaacha wenzake mbali sana, mwalimu wao anataka kumuingiza na kuruka chini. Baada ya kusoma humu nimeogopa, nimkatalie au? Na kama ni sawa aanzie wapi, shuleni kwao hakuna kocha wa maana.

Ticha wa Michezo

Usimkatalie hata kidogo, umri huo ndio wenyewe. Ila asianze na kukimbilia kwa urefu wote, hilo ndilo kosa la shule nyingi, mtoto anapewa mita 40 anafika ubaoni amechanganyikiwa. Aanze na hatua 8 mpaka 10 tu. Asimame kwenye ubao aukabili upande anaotokea, akimbie kuelekea hukohuko hizo hatua kwa spidi yake ya kawaida, mwenzake aangalie mguu wa mwisho umetua wapi aweke alama, hapo ndipo pa kuanzia. Kila akianza, aanze na mguu uleule, asibadilishe. Mguu wa kurukia ni ule anaoutumia akiruka mtaro bila kufikiri, asichaguliwe na mtu. Akishazoea kukanyaga ubao bila kuangalia chini ndio aongezewe hatua mbili mbili.

Mbio zake aendelee nazo kama kawaida, zisipunguzwe. Miruko isizidi kumi kwa siku moja ya mazoezi na isiwe kila siku. Na kabla hajaruka hata mara moja mwambie wachimbue mchanga na jembe mpaka chini, mashimo mengi ya shule mvua ikinyesha mara mbili tatu mchanga unashikana unakuwa sakafu, na hapo ndipo vifundo vinapokwendea.

Chura wa Ukonga

Asante sana Ticha. Jembe lipo, mchanga ndio sina uhakika kama upo.